Chungu Ndani ya Boriti

Mwezi wa Aprili, mvua ya masika ilipokuwa imekaza hapa Ganako, tuliona asubuhi moja fungu dogo la vumbi la mbao juu ya blanketi la mama yetu mzazi. Tukalikung'uta, tukaenda zetu kazini. Kesho yake lilikuwapo tena. Siku ya tatu mama akatuambia, "Mwanangu, usiku nasikia kitu chatembea ndani ya mti, kama karatasi ikunjwayo." Tukamjibu kwamba ni panya. Twaona haya kuyaandika hayo, maana yeye ndiye aliyesikia sawasawa.

Usiku wa nne tukawasha kurunzi, tukaona safu ya chungu wakubwa weusi wakishuka ukutani kufuata sukari. Wengi huwaita sungusungu, jina ambalo hupewa karibu kila chungu mkubwa aliye mweusi. Tukamwaga mafuta ya taa katika tundu lao. Walipotea siku kadhaa, kisha wakatokea katika fremu ya dirisha, na nyumba nzima ikanuka. Tena ni hatari kubwa karibu na moto. Jirani mmoja akasema ni mchwa, akatushauri tuchimbe msingi pande zote na kumwaga sumu. Gharama yake ingetumaliza, nasi tulikuwa karibu kukubali.

Lakini chungu si mchwa. Mchwa ni mweupe au wa rangi ya maziwa, kiuno chake hakionekani, huukimbia mwanga, na popote apitapo hujenga njia ya udongo. Mti kwake ni chakula. Chungu ana kiuno chembamba, hutembea wazi, wala hali mti kamwe: huuchonga tu apate vyumba vya kulelea watoto, na vumbi hulitupa nje, limechanganyika na miguu na mabawa ya wadudu aliowala. Hata wenye mabawa hutambulikana. Kumbikumbi, ambao ndio mchwa warukao, wana mabawa manne yaliyo sawa kwa urefu. Ya chungu, ya mbele huyapita ya nyuma. Wataalamu huwaweka chungu hawa katika jamaa ya Camponotus, iliyopewa jina hilo mwaka 1861, nayo ina aina zaidi ya 1,000 duniani. Huko Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi ni za mbao, huitwa chungu seremala.

Basi seremala huyu hapendi kazi ngumu. Hutafuta mti uliokwisha kulainishwa na maji. Tulipolifahamu neno hili tuliacha kumtazama chungu, tukapanda darini. Msumari mmoja wa bati ulikuwa umelegea, na tangu tundu lake mstari mweusi wa unyevu ulifuata boriti mpaka ukutani. Tukachoma kisu, kikaingia mpaka kwenye mpini. Chini ya boriti hiyo, sawa na mto wa kulalia, ndipo alipokuwa akilaza kichwa mama yetu.

Tumelifikiri jambo hili sana. Wazee wetu Wairaqw walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, wakaezeka udongo juu ya miti, na moto ukawaka humo ndani kila siku. Moshi uliwaumiza macho, lakini miti ilikauka ikawa myeusi, na wadudu wengi hawakuupenda. Sisi tumepata bati, tumelihamishia jiko nje, na macho yetu yamepona. Ila miti ya paa haina tena wa kuikausha. Hatusemi turudi kwenye moshi. Twasema kazi iliyokuwa ya moto sasa ni ya mwenye nyumba, naye apande kutazama kabla ya vuli na kabla ya masika.

Kwanza tuliziba tundu la bati. Kisha usiku tuliweka asali kidogo juu ya jani, tukawafuata chungu waliorudi nayo. Nusu yao hawakuingia nyumbani hata kidogo. Walivuka ua mpaka kisiki cha mgrevilea tulioukata zamani. Ndiko kiliko kiota kikuu, na ule wa boriti ulikuwa tawi lake tu. Tukachanganya kijiko cha chai kimoja cha poda ya boriki na vijiko vinne vya mezani vya sukari katika nusu lita ya maji, tukaloweka pamba, tukaiweka njiani mwao, mbali na watoto na kuku. Dawa isizidishwe: ikiwa kali, chungu hufa njiani, na malkia aliye kiotani hapati kitu. Ilitupasa kungoja wiki kadhaa. Kisiki tukaking'oa.

Boriti ile haikuponyeka. Fundi aliikata, tukatia nyingine ya mwangati, ambao wadudu hawaupendi, na mti wa dirisha tukaubadili pia. Hakuna vumbi tena. Tumemwonyesha mama, tumeigonga kwa nyundo mbele yake asikie ilivyo imara. Amesikia, ameshukuru, na kitanda chake angali amekiweka upande wa pili wa chumba.