Darasa la wazee makazini: Lipangweje, lipimweje?

WAHENGA walinena kuwa elimu haina mwisho. Hata hivyo, mzee anapoingia katika makazi ya kutunzia wazee, mara nyingi jamii huhesabu kuwa mahitaji yake yamebaki matatu tu: chakula, malazi na dawa. Suala la kujifunza huwekwa kando, kana kwamba akili nayo imestaafu.

Mjini Morogoro suala hilo lina uzito wa pekee. Bigwa, chini ya milima ya Uluguru, kipo Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kimojawapo cha vyuo vilivyoanzishwa na Serikali kuanzia miaka ya 1970 kwa kufuata mfano wa nchi za Skandinavia. Katika manispaa hiyo hiyo yapo makazi ya wazee ya Fungafunga, yanayohudumiwa na Serikali. Kwa maneno mengine, mji mmoja una chuo cha watu wazima na una wazee wanaoweza kunufaika na elimu ya aina hiyo.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee zaidi ya milioni 2.5 nchini, sawa na asilimia 5.6 ya watu wote. Wengi wao huishi na jamaa zao. Makazi ni kimbilio la wasio na ndugu wala uwezo.

Kizazi cha ngumbaru

Baadhi ya wazee hao ndio waliojaza madarasa ya ngumbaru baada ya Mwalimu Julius Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kuwa asilimia 39 ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 9.6.

Lakini stadi isiyotumiwa hufifia. Aliyejifunza kusoma wakati huo, na leo hana miwani wala gazeti, anaweza kurejea alikotoka. Hasara yake si ndogo: hushindwa kusoma maelekezo ya dawa, huweka dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, na huwa windo rahisi la matapeli wanaotuma ujumbe wa simu wakidai pesa itumwe kwenye namba fulani.

Kupanga huanza kwa kuuliza

Kosa la kwanza la wapangaji wengi ni kuandaa masomo ofisini kisha kuyapeleka kwa wazee. Uluguru yenyewe ina fundisho. Katika miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo bila kuwaridhisha kwanza. Mwaka 1955 ghasia zilizuka Matombo, na mpango huo ukaachwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwuliza mzee mwenyewe anataka nini. Mmoja atataka kusoma msahafu au Biblia, mwingine kupiga simu bila kuomba msaada, mwingine kulima bustani ya mchicha.

Hatua ya pili ni kuweka lengo linaloweza kuonekana. “Kujua simu” si lengo. “Kutambua ujumbe wa kitapeli na kutomtajia mtu namba ya siri” ni lengo.

Hatua ya tatu ni mazingira. Kipindi kiwe kifupi, asubuhi kabla ya uchovu, mahali penye mwanga na viti vyenye egemeo. Herufi ziwe kubwa, na mwalimu azungumze akiwa amewaelekea. Wakati mwingine kifaa cha kwanza cha kufundishia si kitabu, bali ni miwani.

Aidha, mzee si debe tupu. Mtaalamu wa Marekani, Malcolm Knowles, alisisitiza kuwa mtu mzima huja darasani na uzoefu wake, na uzoefu huo ni mtaji wa somo. Anayejua kusuka ukili au kusimulia ngano apewe naye zamu ya kufundisha.

Kupima si kuhesabu mahudhurio

Daftari la mahudhurio huonyesha nani alikuja. Halionyeshi nani alijifunza. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alipendekeza ngazi nne za kupima mafunzo, na zinaweza kutumika hata chini ya mwembe.

Chukua mfano wa somo la matumizi ya dawa. Ngazi ya kwanza huuliza iwapo wazee waliridhika na somo. Ya pili hupima kama wanaweza kueleza maana ya “moja mara tatu”. Ya tatu huangalia kama wanameza dawa ipasavyo wiki kadhaa baadaye. Ya nne hutazama kama matatizo yatokanayo na kukosea dawa yamepungua makazini.

Ili vipimo hivyo viwe na maana, hali ya awali lazima ijulikane kabla ya somo la kwanza. Vilevile, mtihani wa maandishi unaweza kumwaibisha mzee mbele ya wenzake. Ni heri aombwe kuonyesha kwa vitendo, faraghani na kwa heshima.

Mpimaji pia atofautishe aliyeacha kwa kuchoshwa na aliyeacha kwa maradhi au kifo. Wa kwanza anaonyesha kasoro ya mpango. Wa pili hapaswi kuhesabiwa kama kushindwa kwa darasa.

Mitihani ya kitaifa ya miaka ya 1970 na 1980 ilionyesha nani alijua kusoma siku ile. Darasa la makazini linapaswa kwenda mbali zaidi: kurudi baada ya miezi mitatu, kisha sita, kuona kilichobaki.

Matokeo hayo yasiishie kwenye jalada la ofisi. Yasomwe mbele ya wazee wenyewe, nao waseme kipi kiendelee na kipi kiachwe. Mzee atakayeisoma karatasi kabla ya kuweka sahihi yake atakuwa amethibitisha thamani ya darasa hilo kuliko taarifa yoyote.