Umeme wa serikali au wa kampuni: nani atauleta mtaani kwetu?

Wengi wenu mmetuuliza kama ni vema umeme uondoke mikononi mwa SNEL, kampuni ya serikali, upewe watu binafsi. Kwetu Lubumbashi swali hilo linakuja likiwa limechelewa. Mlango ulikwisha kufunguliwa na sheria ya tarehe 17 Juni 2014: tangu hapo kampuni nyingine zinaruhusiwa kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme, chini ya mamlaka ya usimamizi iitwayo ARE. Hata hivyo huku Katuba na Kenya (komini yetu, si nchi ile) delestaji inaendelea na mama anapika bukari kwa makala. Misitu ya miombo inayozunguka mji ndiyo inayolipa.

Tuangalie waya wenyewe. Mwaka 1982 ulimalizika mstari wa kilometa zipatazo 1,700 kutoka Inga, upande wa bahari, mpaka Kolwezi. Serikali ndiyo iliyoujenga, lakini kwa ajili ya migodi ya shaba. Umeme unaopita humo ni wa aina isiyoweza kukatwa kirahisi njiani na kugawiwa, ndiyo maana unapita juu ya vijiji vingi visivyo na hata taa moja. Hapo hapakuwa na mtu binafsi wa kulaumiwa.

Sasa upande wa pili. Bwawa la Mwadingusha, kwenye mto Lufira, lilianza kazi mwaka 1930, wakati wa Wabelgiji. Mitambo yake ilipochoka, kampuni ya mgodi ya Kamoa ilitoa fedha za kuitengeneza pamoja na SNEL, ikarudi kufanya kazi mwaka 2021, megawati 78. Kazi nzuri, hatukatai. Lakini aliyelipa ndiye anayehudumiwa kwanza, na hapo mgodi una haki ya kudai umeme wake.

Ndugu zetu wa Goma wanajua habari nyingine. Virunga Energies, iliyozaliwa katika kazi ya Hifadhi ya Virunga, ilifungua kituo cha Matebe huko Rutshuru mwisho wa mwaka 2015. Walioungwa walipata umeme ambao hawakuutegemea tena kutoka kwa SNEL. Mwenye pesa anawasha. Asiye na pesa ya kuungwa anabaki gizani, hata kama nguzo imesimama mlangoni pake.

Kwa hiyo sisi hatushangilii upande wowote. Nehemia aliwakemea wakubwa na watawala pamoja, kwa kosa moja la kuwabana maskini.

Mtaani wakaaji huchanga wenyewe kununua kabini na nyaya, kisha vifaa hivyo vinahesabiwa kuwa vya mtoa umeme. Kwa hiyo, awe nani anayekuja kwenu, wazee wa kanisa waende na wakaaji wamuulize kabla ya mchango wa kwanza: mkataba wake unamlazimisha kuunga nyumba ngapi, na kwa mwaka gani? Bei imekubaliwa na nani? Kabini tukiinunua, pesa yetu itarudishwa kwenye bili, kama ya mgodi inavyorudishwa? Majibu yaandikwe, yapigwe muhuri, na nakala moja ibaki kwenye ofisi ya parokia.