Maji Safi si Lazima Yafae: Maji na Dawa za Kupe Turkana

Katika matumizi ya kila siku, neno "safi" huamuliwa na jicho. Mfugaji wa Lokichoggio akiagizwa achanganye dawa ya kupe na maji safi, atachota maji maangavu yasiyo na taka. Hata hivyo, maji hayo yanaweza kuidhoofisha dawa kabla haijamfikia ng'ombe. Makala hii inafafanua jinsi jambo hilo linavyotokea.

Turkana ni eneo kame. Maji hupatikana visimani, katika mito kama vile Turkwel upitao Lodwar na Tarach upitao Kakuma, au kwa kufukua mchanga wa mito iliyokauka. Sifa za maji hayo hutofautiana. Mwaka 2013 ilitangazwa kwamba hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya uwanda wa Lotikipi. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa maji yaliyochimbwa humo yana chumvi nyingi. Ziwa Turkana nalo lina magadi.

Sifa tatu za maji huathiri dawa. Ya kwanza ni kiwango cha asidi au magadi, ambacho hupimwa kwa pH. 7 ni kiwango cha kati. Pairethroidi kama vile sipamethrini, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto, huvunjika katika maji yenye magadi mengi. Amitrazi ni kinyume chake: huvunjika upesi katika asidi, na ndiyo maana majosho yake huweza kutiwa chokaa ili idumu. Joto huharakisha uharibifu huo. Sifa ya pili ni ugumu wa maji. Madini ya kalisi na magnesi huweza kuifanya dawa ijitenge na maji na kuelea. Ng'ombe mmoja hupata sumu nyingi, mwingine hakosi kupe. Ya tatu ni tope na samadi, ambazo huinasa dawa isishike ngozini.

Dawa iliyopungua nguvu huua kupe dhaifu na kuwaacha walio imara wazaliane, hivyo usugu huenea. Magonjwa kama vile ndigana baridi huendelea, na mfugaji hudhani ameuziwa dawa bandia. Akizidisha kipimo, huhatarisha mifugo na afya yake mwenyewe.

Kinga yake si ghali. Karatasi ya litmasi hubainisha asidi na magadi. Sabuni isiyotoa povu kwa urahisi huashiria maji magumu. Tope huachwa litulie, kisha maji yakachujwa kwa kitambaa. Aidha, inafaa kuchanganya dawa ya kutumika siku hiyo tu.

Hapa ndipo mtaalamu wa Kiswahili anapohusika. Maelezo ya dawa yakisema "maji safi" pekee, yanamwachia mfugaji kazi ya kubahatisha. Yakitaja magadi, ugumu na tope, yanamwokolea ng'ombe.