Nani Anamsahihishia Panya Mtihani?

Hebu fikiria una shamba lililoachwa tangu wakati wa vita. Mahali fulani chini ya udongo kuna bomu, hujui ni wapi. Wanakuja watu na panya mkubwa, wanampitisha shamba zima, halafu wanakwambia: "Tayari, unaweza kulima." Je, utashika jembe?

Kazi ya kufanya jibu liwe "ndiyo" inafanyika Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lililoanzishwa Ubelgiji linawafundisha panya buku hapo chuoni kunusa mabomu ya ardhini. Wahitimu wake wamefanya kazi Msumbiji, Angola na Kambodia.

Kwa nini panya? Kifaa cha kutambua chuma hulia kwa kila chuma: msumari, kizibo cha soda, kopo bovu. Kila kikilia, mtu lazima afukue taratibu, roho mkononi. Panya hana habari na chuma. Yeye anatafuta harufu ya baruti. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi anaweza kulimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa anaweza kuchukua hadi siku nne. Na kwa kilo yake moja na ushee, ni mwepesi mno kulilipua bomu.

Mafunzo huchukua takribani miezi tisa. Kwanza panya anajifunza kwamba mlio wa "klik" maana yake chakula, kwa mfano kipande cha ndizi. Kisha anajifunza kwamba mlio huo huja akitambua harufu ya baruti tu, si harufu nyingine. Mwishoni anapelekwa uwanjani kwenye mabomu halisi yaliyoondolewa uwezo wa kulipuka. Anavaa mkanda uliounganishwa na kamba iliyovutwa kati ya walimu wawili, anakwenda na kurudi, na akipata harufu anakwangua ardhi.

Sasa tuje kwenye mtihani, maana hapa ndipo sayansi yenyewe ilipo. Walimu wanaomwongoza panya siku hiyo hawajui mabomu yamefukiwa wapi. Kwa nini wafichwe? Kwa sababu mtu anayejua jibu hulitoa bila kukusudia: anapunguza mwendo, anakaza kamba kidogo, anabana pumzi. Panya atamsoma mwalimu badala ya udongo. Kama uliwahi kuitwa ubaoni ukawa unamwangalia mwalimu usoni ili ubahatishe jibu, unaelewa vizuri.

Kuna mtego mwingine. Kwenye uwanja wa kweli panya akikwangua, apewe ndizi? Hapana. Hakuna anayejua bado kama bomu lipo, na ukimzawadia pasipo na kitu, umemfundisha kukwangua ovyo. Ndiyo maana hata panya mzoefu anaendelea kufanyishwa mazoezi mahali ambapo majibu yanajulikana. Na kila alipokwangua, watu huja kuhakiki kwa vifaa.

Utaratibu huohuo unatumika kwenye kifua kikuu. Makohozi yaliyokwisha kupimwa kliniki hupelekwa kwa panya, yakichanganywa na sampuli zinazojulikana kuwa na ugonjwa, ili kuwe na jibu la kuzawadia. Panya hupitia sampuli 100 kwa dakika kama 20. Akionyesha sampuli ambayo kliniki haikuona kitu, maabara inarudia kupima. Panya peke yake hampi mtu majibu. Lakini mgonjwa aliyeambiwa "huna TB" akarudi nyumbani anaweza kupatikana kabla hajaambukiza wanawe.

Pengine umemsikia Magawa, panya mzaliwa wa Tanzania aliyepata zaidi ya mabomu na vilipuzi 100 Kambodia, akatunukiwa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020. Alifariki Januari 2022. Alistahili sifa zote, ila pua kama yake panya buku wengi wa porini wanayo. Hao hawajapita kwenye mtihani ambao hata mwalimu hakuwa na majibu yake.

Kwa hiyo ukiletewa panya shambani kwako, usiulize ananusa vizuri kiasi gani. Uliza alipimwaje. Ukijibiwa vizuri, chukua jembe.