Namba ya Umri Haipimi Kilichokatwa

Kila anayeishi kwa kazi ya filamu, awe mhariri, mkaguzi au muuza nakala, ameshaulizwa swali hili mpaka amechoka: "Hii ni ile ambayo haijakatwa?" Muulizaji hana shida na hadithi wala na aliyeiongoza. Anataka ahakikishiwe kwamba mahali fulani imefichwa filamu kamili, na kwamba iliyooneshwa sinema ni mabaki tu. Wazazi huligeuza swali hilo hilo. Wao wanatafuta "iliyokatwa", wawawekee watoto sebuleni na kuendelea na shughuli zao kwa amani.

Wote wamekosea, na kosa lao ni moja. Wanadhani namba ya umri inaeleza ni kiasi gani kimeondolewa. Haielezi. Daraja la umri hupewa nakala moja mahususi, katika nchi moja, kutokana na kinachoonekana na kusikika ndani ya nakala hiyo. Nakala ikibadilika, lile daraja si lake tena.

Filamu ya The Hunger Games ya 2012 inalionesha jambo hili vizuri. Ni hadithi ya vijana waliotupwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja. Msambazaji wake Uingereza alitaka daraja la 12A, ambalo humruhusu hata mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia sinema akiwa na mtu mzima. Bodi ya huko, BBFC, ilimweleza arekebishe nini. Kilichoguswa ni sekunde 7: matone ya damu iliyokuwa ikiruka yalifutwa kwa kompyuta, na damu ya kwenye majeraha na silaha ikafutwa pia. Kwa sekunde hizo 7 filamu ilitoka daraja la 15 ikaingia 12A. Mauaji yalibaki, na waliokufa wakafa vile vile. Mzazi anayeng'ang'ania "iliyokatwa" ajiulize kipi kitamnyima mwanawe usingizi: rangi nyekundu kwenye kisu, au mtoto kumuua mtoto mwenzake?

The King's Speech, kwa upande wake, haina vita wala chumba cha kulala. Mfalme George VI ana kigugumizi, na mwalimu wake anamhimiza atukane ili ulimi ulegee. Kwa matusi hayo Marekani iliipa R, daraja ambalo aliye chini ya miaka 17 haingii bila mzazi au mlezi. Uingereza iliipa 15 kwanza, kisha ikaiteremsha hadi 12A bila kugusa hata neno moja. Mwaka 2011 Wamarekani wakatoa toleo la PG-13, daraja jepesi kuliko R, ambalo baadhi ya matusi yamezimwa sauti. Mkasi haukupita popote kwenye picha.

Lakini imani iliyowatoa watu pesa nyingi ni ile ya maandishi "Unrated", yaani isiyo na daraja, kwenye kasha la DVD. Hapa lazima mambo yanyooshwe, maana hata wenye maduka wanawadanganya wateja wao wakidhani wanasema kweli.

Nchini Marekani madaraja hutolewa chini ya chama cha kampuni kubwa za filamu, kwa utaratibu ulioanza Novemba 1968. Si sheria ya serikali. Kampuni hupeleka nakala kwa hiari, wakaguzi huitazama, na daraja hubaki la nakala ile ile waliyoitazama. Ukiongeza kichekesho cha nusu dakika, hata kama ni mtu kuteleza na kuanguka bwawani, nakala hiyo mpya haina daraja mpaka ipelekwe tena. Soko la DVD lilipochangamka, kampuni ziligundua kwamba kutoipeleka kuna faida. Zikaokota vipande ambavyo mhariri alishavitupa, mara nyingi kwa sababu vilikuwa vinachosha, zikavirudisha na kuandika "Unrated" kwa herufi kubwa. Mnunuzi akarudi nyumbani akiamini amepata kilichopigwa marufuku. Alichopata, hasa kwenye vichekesho vya vijana, ni mazungumzo yaliyorefushwa. Vipande vile havikukataliwa na mtu. Wakaguzi hawakupelekewa tu.

Ushahidi uko ng'ambo ya Atlantiki. Uingereza ina sheria ya video ya mwaka 1984 inayozuia filamu za namna hiyo kuuzwa dukani bila daraja. Nakala ambayo Marekani imebandikwa "Unrated" ikifika London hukaguliwa na kupewa namba, 15 au 18, na kupangwa rafu moja na nyingine.

Toleo la mwongozaji nalo limebebeshwa uzushi huo huo. Ridley Scott alipotoa toleo lake la Alien mwaka 2003, lilikuwa fupi kidogo kuliko lile la 1979. Kingdom of Heaven yake ya 2005 ilirudi ikiwa imeongezewa dakika 45 hivi, na wahusika ambao sinema haikuwaonesha wakapata maisha yao. Daraja lilikuwa R kabla, likabaki R baadaye. Dakika zile ziliondolewa kwa ajili ya biashara ya kumbi, si maadili ya mtu yeyote.

Tena daraja huweza kuhama filamu ikiwa imetulia pale pale. Midnight Cowboy ilipewa X, daraja kali kuliko R, mwaka 1969, ikashinda Oscar ya filamu bora, na mwaka 1971 ikapewa R bila kipande kuondolewa. Fifty Shades of Grey ya 2015 Ufaransa iliiruhusu kuanzia miaka 12, Uingereza ikataka 18, Kenya ikaipiga marufuku. Kenya hiyo hiyo, Aprili 2018, iliifungia Rafiki ya Wanuri Kahiu. Mwongozaji alitakiwa abadili mwisho, akakataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaifungulia kwa siku 7, kwa watu wazima tu, na kumbi za Nairobi zikajaa. Filamu ilikuwa ni ile ile, na heshima ya Kahiu imo katika kukataa kwake.

Kuna mahali swali la "haijakatwa" lina haki kabisa. The Wolf of Wall Street, filamu ya saa 3, ilioneshwa Falme za Kiarabu ikiwa imepungukiwa dakika 45 hivi, na watazamaji wakatoka bila kuelewa hadithi. Hiyo ni kumdhulumu aliyelipa tiketi.

Basi anayenunua afanye hivi. Alinganishe muda wa matoleo, lakini akumbuke kwamba DVD ya mfumo wa PAL huenda fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo filamu ya dakika 120 humalizika kwa 115 bila chochote kukatwa. Asome sababu za daraja kabla ya namba: vurugu, lugha, ngono, dawa za kulevya. BBFC huchapisha sababu hizo kwenye tovuti yake. Kenya hutumia GE (ya wote), PG (kwa uangalizi wa mzazi), 16 na 18, Tanzania Bara ina Bodi ya Filamu, na Zanzibar ina baraza lake. Filamu ya kuwekewa kwenye flashi au ya kibanda umiza ichukuliwe kuwa haina daraja lolote, kwa sababu hakuna ajuaye ni nakala ipi. Kwenye huduma za intaneti, mtoto afunguliwe wasifu wake wenye kikomo cha umri, na wa mzazi uwekewe namba ya siri ambayo si mwaka wa kuzaliwa wa mtoto huyo.