Mchoro Usiofutika: Namna ya Kupamba Vioo Vilivyounganishwa kwa Moto

Chupa tupu hazikosekani Manundu. Mji wa Korogwe umekaa kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha, na kila siku wasafiri, migahawa na maduka huacha chupa ambazo baadhi yake huishia mitaroni. Huko Arusha, karakana ya Shanga, inayoajiri watu wenye ulemavu, imeonyesha kwamba taka hiyo ni malighafi: kioo kilichotupwa huyeyushwa kikawa bilauri, shanga na mapambo ya nyumbani. Kwa kikundi kinachotaka kufuata njia hiyo, kuyeyusha kioo ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo ndiyo humvuta mnunuzi, ni kuchora juu yake ua, jani au jina kwa mistari myembamba isiyofutika.

Hapo ndipo wengi hupotea. Rangi ya mafuta inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hupendeza siku ya kwanza. Baada ya kuoshwa mara chache kwa sabuni na maji ya moto, huanza kubanduka, na mteja aliyenunua sahani yenye mchoro hubaki na sahani yenye madoa. Rangi hiyo hukauka juu ya kioo bila kushikamana nacho. Rangi inayofaa ni enameli, ambayo kwa asili yake ni kioo kilichosagwa kuwa unga laini na kuchanganywa na oksidi za madini: kobalti hutoa buluu, shaba hutoa kijani, chuma hutoa kahawia na weusi. Ikipata moto wa kutosha huyeyuka na kuwa sehemu ya kioo chenyewe.

Kazi huanza kwa kuunganisha. Vipande vya kioo hupangwa juu ya rafu ya tanuru iliyopakwa maji ya kaolini, udongo mweupe wa aina ipatikanayo katika vilima vya Pugu, ili kioo kisigande. Joto hupandishwa hadi nyuzi 800 za Selsiasi au zaidi kidogo, vipande vikalainika na kushikana kuwa kimoja. Vipande hivyo havina budi kuwa vya aina moja. Kioo cha chupa na cha dirisha hutanuka na kusinyaa kwa viwango tofauti, na vikiunganishwa huweza kupasuka wakati wa kupoa, au hata siku kadhaa baadaye vikiwa tayari mikononi mwa mteja.

Mchoro mwembamba huwekwa baada ya hatua hiyo, na sababu yake ni rahisi. Kwenye nyuzi 800 kioo husogea, mstari uliochorwa huvutika pamoja nacho, na baadhi ya rangi hufifia kabisa. Kwa hiyo kipande huunganishwa kwanza, hupozwa, huchorwa, kisha hurudishwa tanuruni kwa joto la chini zaidi, kwa kawaida kati ya nyuzi 550 na 680. Kiwango kamili huandikwa na mtengenezaji kwenye kopo la rangi, na hicho ndicho cha kufuatwa.

Kabla ya kuchora, kioo huoshwa kwa sabuni, hukaushwa na kupanguswa kwa spiriti, maana alama ya kidole tu hutosha kuifanya rangi ijikunje. Unga wa enameli huchanganywa na maji na gundi kidogo ya mgunga. Gundi ikizidi, rangi hututumka motoni na kuacha vishimo. Wachoraji wengine hutumia mafuta ya karafuu badala ya maji, kwa kuwa hukawia kukauka na kumpa mchoraji nafasi ya kurekebisha mstari. Ila mafuta hayo hutoa moshi, hivyo tanuru huachwa wazi kidogo mwanzoni na chumba kiwe na hewa ya kutosha.

Kwa mistari, rangi huwa nyepesi kama wino. Brashi ni ndefu na nyembamba, na mkono huegemezwa juu ya ubao uliowekwa kama daraja ili usitetemeke wala kugusa kazi. Kama kioo kinaonyesha upande wa pili, karatasi yenye mchoro huwekwa chini yake na kufuatishwa. Kuna mbinu nyingine ambayo wanaoanza huipuuza ingawa ndiyo rahisi kuliko zote: sehemu nzima hupakwa rangi, huachwa ikauke, kisha mishipa ya jani au nywele za mnyama huchongwa kwa ncha ya sindano. Kosa lililofanyika kabla ya moto hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Likishachomwa, halifutiki tena.

Baada ya kuchomwa, kioo cha chupa hushikiliwa kwa muda karibu na nyuzi 540, kisha huachwa kipoe polepole. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mlango usifunguliwe. Kuta nene za tanuru hutunza joto na mara nyingi kipande husalimika. Kukifungulia hewa baridi ndiko hukiua. Kikishapoa, rangi hujaribiwa kwa kukwaruzwa na ukucha. Ikitoka unga, haikuiva na hurudishwa motoni.

Kuna tahadhari moja inayohusu afya ya mlaji. Baadhi ya enameli, hasa nyekundu na njano kali, zina madini ya risasi au kadimiamu. Mchoro wa namna hiyo usiwekwe pale chakula au midomo inapogusa. Uwekwe kwenye mapambo ya ukutani tu. Anayechanganya unga huo avae barakoa, asile wala kunywa mezani pa kazi, na watoto wakae mbali.

Tanuru ni chombo cha gharama, na si busara kikundi kukinunua kabla ya kujaribu kazi yenyewe na kujua wanunuzi watatoka wapi. Ushauri wa viwanda vidogo hutolewa na SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973. Kuhusu mtaji, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kinaelekeza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maelezo ya kusajili kikundi na kuomba mkopo hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata.