Mtamba Aliyeuzwa Bure

Kila ifikapo Agosti, barua za kuitwa vyuoni zikiwa zimekwisha kutoka na familia za Timau zimeanza kupiga hesabu ya karo, nauli na godoro, nami nikawa nimerudi nyumbani kwa likizo, huletewa swali lile lile na wazazi wenye nia njema kabisa: kijana wetu amepata nafasi Chuo Kikuu cha Nairobi, au Kenyatta, au kule Juja kwa Jomo Kenyatta, je, tumnunulie nini asije akachekwa na watoto wa mjini? Nimelijibu kwa upole kwa muda mrefu, na upole haukufaa kitu. Sasa nalijibu kwa maandishi, kwa kuwa kazi yangu ni ushauri nasaha wa wanafunzi, na wale wanaobisha mlangoni pangu mwezi wa Novemba wakiwa wamelemewa na ukiwa, aghalabu ni wale walionunuliwa kila kitu.

Mzee mmoja alimaye viazi juu ya barabara iendayo Meru alinionyesha mwaka jana bidhaa alizomtayarishia mwanawe: raba nyeupe ambazo bado zilikuwa ndani ya sanduku lake pamoja na karatasi zake, simu ya kioo kikubwa, koti ambalo kwa baridi ya Timau lilikuwa jepesi mno, na risiti ya kodi ya miezi mitatu ya bedsita huko Gachororo, karibu na Juja, ili kijana akae peke yake kwa heshima. Vyote hivyo vilitokana na mtamba mmoja mwenye mimba, aliyepelekwa mnadani kabla ya wakati wake. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya babake, kimya, na kaka yake mkubwa alikuwa akimfundisha Kisheng ili Nairobi isimsikie ile lafudhi ya Kimeru. Mzee aliniuliza kama palikuwa na kitu kilichosahaulika. Nilimwambia ukweli, kwamba katika vyote vile hapakuwa na kimoja kitakachompatia mwanawe rafiki, na kwamba kile cha ghali kuliko vyote ndicho kitakachomnyima.

Imani inayowapeleka wazazi hawa mnadani ni kwamba chuo kikubwa cha serikali ni baraza la wakaguzi, ambamo kila aingiaye hutazamwa kuanzia viatu hadi kauli, hupimwa, kisha hukubaliwa au hutupwa. Na kwamba suhuba ni tuzo ya mwenye kufaulu ukaguzi huo. Ni imani batili tangu mwanzo hadi mwisho, na inanikera kwa sababu ubatili wake umekwisha kuthibitishwa zamani na watu waliojitaabisha kupima.

Huko kutazamwa kwenyewe hakupo. Mwaka 2000 Thomas Gilovich wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzake walichapisha majaribio ambamo mwanafunzi alivishwa fulana yenye picha kubwa ya mwimbaji Barry Manilow, vazi ambalo vijana wa pale waliliona la fedheha, akaingizwa chumbani mwa wenzake, kisha akaulizwa ni wangapi anaowadhani wameitambua picha ile. Alikisia karibu nusu yao, na wenyewe walipoulizwa ikadhihirika kuwa ni kama robo tu. Ikiwa picha iliyokaa kifuani pa mtu haikutambuliwa na watatu katika kila wanne waliokuwa naye chumba kimoja, sembuse aina ya raba katika ukumbi wa watu mia tatu, ambao kila mmoja wao naye amekuja na hofu ya viatu vyake mwenyewe? Wala huko kudharauliwa si kama kunavyodhaniwa. Mwaka 2018 Erica Boothby na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wasiojuana wakiisha kuzungumza, kila mmoja huondoka akiamini kuwa amependeza kidogo kuliko alivyompendeza mwenzake kwa kweli, na kwamba kosa hilo la kukadiria lilidumu kwa miezi hata baina ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakaao bweni moja. Kwa hiyo kijana anayerudi chumbani akijilaumu kwamba amezungumza kama mshamba, aghalabu ameacha nyuma yake mtu aliyependezwa naye na ambaye hivi sasa anajilaumu vile vile.

Burhani niipendayo kuliko zote ni ya Richard Moreland na Scott Beach wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, iliyochapishwa mwaka 1992, na laiti ingebandikwa katika kila ofisi ya chifu inapotiwa muhuri barua ya mwanafunzi anayeomba basari. Wanawake wanne wenye kukaribiana kwa sura walichaguliwa: mmoja hakuhudhuria kabisa somo fulani lililofundishwa katika ukumbi mkubwa, wa pili alihudhuria mara 5, wa tatu mara 10, na wa nne mara 15, nao waliingia, wakaketi, wakasikiliza, wakaondoka, bila kusema na mwanafunzi yeyote. Mwisho wa muhula wanafunzi wa somo lile walionyeshwa picha za wote wanne, na kadiri mwanamke alivyokuwa amehudhuria mara nyingi ndivyo alivyopendeza zaidi machoni pao. Hakuwa amevaa lolote la ajabu, hakutoa senti, hakufungua kinywa. Alikuwa amehudhuria tu. Basi mzazi na aniambie, akiyatazama matokeo hayo, ni wapi katika hesabu hiyo ilipo raba ya kulipiwa kwa mtamba.

Sasa nije kwenye bedsita, maana hapo ndipo hasara inapogeuka madhara. Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back, katika kitabu chao cha mwaka 1950, walichunguza nyumba za wanafunzi wenye ndoa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, wakakuta kwamba urafiki ulifuata milango: jirani wa mlango wa pili alikuwa rafiki kuliko wa mlango wa nne, na wale waliokaa penye ngazi na masanduku ya barua, ambapo kila mtu hana budi kupita, walijuana na wengi zaidi. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas naye alikadiria kwamba mtu hutoka katika kujuana tu na kuingia katika urafiki mwepesi baada ya saa 50 hivi za kuwa pamoja, na kwamba urafiki wa ndani hudai zaidi ya saa 200. Wenzi wa darasani wanaoonana saa 2 kwa wiki, katika muhula wa wiki 14, hupata saa 28 tu; muhula unaisha nao bado ni wageni. Wanaolala chumba kimoja cha hosteli, wakapanga foleni moja ya maji, wakaazimana chumvi, wakachangia unga na sukuma wiki na kulificha pamoja jiko la umeme chini ya kitanda siku ya ukaguzi, huzimaliza saa hizo kabla ya mtihani wa kwanza wa katikati ya muhula. Mzee wa viazi alilipa kodi ya miezi mitatu ili mwanawe akose yote hayo.

Na hiyo lafudhi isiguswe. Kisheng cha kujifunza kwa wiki mbili hakimdanganyi mtu aliyezaliwa Eastleigh wala Kayole, na kijana anayechunga kila neno kabla ya kulitoa hana wasaa wa kumsikiliza anayesema naye. Zaidi ya hayo, mtoto wa Timau amekulia mahali ambapo Mmeru, Mkikuyu, Msamburu na Mturkana hukutana soko moja, na ambapo mashamba ya maua yamevuta wafanyakazi wa makabila mengi. Huko kuchangamana kunakodhaniwa kuwa ni elimu ya mjini amekwisha kukuonja tangu utotoni, naye huambiwa aone haya. Na kwamba kukaa pamoja hushinda asili ya mtu, wapo mashahidi: wale walioingia vyuo vikuu katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 walipitishwa kwanza katika kambi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, kwa mpango ulioanza mwaka 1984. Sitamani urudi, lakini huko mtoto wa waziri na wa mkulima walivishwa sare moja, na wapo wazee leo ambao masahibu wao wa kufa na kuzikana ni wa gwaride lile.

Kuhusu pombe, ambayo kaka wakubwa huiita dawa ya haya, nina neno moja tu: asiyeweza kuzungumza pasipo chupa mwezi wa Septemba hataweza mwezi wa Machi pia, na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, utakuwa umekwisha kunywewa.

Nafasi iliyosalia ni finyu, basi haya yafanywe upesi. Kijana aombe hosteli ya chuo mara dirisha la maombi linapofunguliwa, na akiikosa apange chumba na wenzake wawili au watatu, karibu na lango, hata kiwe kibovu. Aketi kiti kile kile kila somo. Ajiunge na vikundi viwili, si saba, vinavyokutana kila wiki na vyenye kazi ya mikono au sauti: kwaya, skauti, timu ya mpira, chama cha Kikristo au cha Kiislamu, na ahudhurie hata jioni asiyojisikia. Chama cha wanafunzi wa kwao akiendee, lakini asikifanye ndicho nyumba yake yote, kwani Mark Granovetter alionyesha tangu mwaka 1973 kwamba habari za kazi aghalabu hutoka kwa watu tunaojuana nao kidogo. Asirudi nyumbani kila Ijumaa, angalau muhula wa kwanza. Mzazi naye akipiga simu amwulize amekula na nani kabla ya kuuliza alama. Mtamba abaki zizini, azae, maziwa yalipe fungu la karo ambalo mpango wa ufadhili wa vyuo vikuu wa mwaka 2023 umeliweka juu ya familia. Na ikiwa kijana amepitisha wiki mbili halali wala hali vizuri, amekoma kwenda darasani, au anasema maneno ya kujikatia tamaa, hiyo si haya ya ugeni tena: aende siku hiyo hiyo kwa mshauri nasaha wa chuo au ofisi ya mkuu wa wanafunzi, asindikizwe na mtu, na mzazi apande gari.